Gofu, Alisema Mtukufu

Niwatoe wasiwasi kwanza. Nchi ninayotaka kuisimulia haipo kwenye ramani yoyote. Ukisoma ukaona inafanana na kwenu, kosa ni la macho yako, nenda kapimwe. Katika nchi hiyo ambayo haipo, watu wote huanza maneno yao namna hii, hata mtu akienda kuazima chumvi kwa jirani, kwa hiyo mnisamehe, ni mazoea.

Basi. Mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na jengo la maduka liitwalo Fahari Plaza. Lilijengwa na shemeji yake Mtukufu Mlezi wa Taifa, na likazinduliwa na Mtukufu mwenyewe, bendi ya polisi ikipiga na watoto wa shule wakiwa wamesimama juani tangu asubuhi. Siku hiyo ngazi za umeme zilimbeba Mtukufu hadi katikati, zikakwama. Taarifa ya habari ilieleza kwamba alisimama hapo kwa makusudi ili wananchi wapate nafasi ya kumtazama vizuri. Ngazi hazikutembea tena. Wapangaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wa viatu, wa mapazia, wa simu, mpaka akabaki kinyozi peke yake, na yeye siku moja akafunga mlango kimya kimya akaenda kwao. Popo wakaingia. Vioo vikadondoka. Mpapai ukaota pale palipokuwa benki, ukazaa.

Lakini Plaza haikufungwa, jamani, tusizushe mambo. Wizara ya Mandhari ilitangaza kwamba Plaza imepumzika. Fundi baiskeli mmoja wa mtaani kwetu alijisahau akasema imekufa, wakaja watu wawili wenye adabu sana wakamchukua wakamweleze tofauti. Maelezo lazima ni marefu, maana hajarudi, na baiskeli za watu bado zimeegemea ukuta wake.

Mtaa wetu unaitwa Uwani kwa sababu uko nyuma ya Plaza. Mimi ni Mbwana Kitojo, mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba, na nilikuwa nikiishi na mama yangu, Bi. Sikudhani, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba tofali kwa tofali, akijinyima mlo wa mchana ili apate saruji. Mama alikaanga maandazi barazani. Nyumba ile ilikuwa ndiyo mali yake yote, na ndimo alimosema atafia. Nawaambia mapema ili mjue nilikuwa naogopa nini.

Ikatokea siku msafara wa Mtukufu ukapita barabara ya Plaza, kwa kuwa ile ya kawaida ilikuwa imejaa maji. Gari lake likapunguza mwendo. Kioo kikashuka nusu. Mtukufu akalitazama jengo, akasema neno moja.

"Gofu."

Kioo kikapanda, msafara ukaenda zake.

Ndani ya gari walikuwamo dereva na Mheshimiwa Mponda, Waziri wa Mandhari. Mheshimiwa Mponda aliitikia naam, kama anavyoitikia kila kitu, na hakuuliza. Kwetu Mtukufu haulizwi amesema nini. Anayeuliza maana yake hakusikiliza, na asiyemsikiliza Mtukufu maana yake anamsikiliza mtu mwingine, na hapo tena watu wanaanza kutaka kujua ni nani.

Balaa lilianzia hapo, na wenye lugha mtaniunga mkono. Gofu ni jengo bovu, lililobomoka, lililobaki kuta. Na gofu ni ule mchezo wa wakubwa, wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo kwenye majani. Laiti Mtukufu angeongeza neno moja tu. Angesema gofu hili, tungejua ni jengo. Angesema gofu hii, tungejua ni mchezo. Hakusema hili, hakusema hii. Alisema gofu, akapandisha kioo, akatuachia taifa zima tukihangaika na ngeli.

Mheshimiwa Mponda alipiga hesabu wiki nzima. Kama Mtukufu alimaanisha jengo bovu, basi kuna mtu aliyeliacha likawa bovu, na waziri mwenye dhamana alikuwa yeye. Tena kusema kwamba jengo alilolizindua Mtukufu ni gofu ni kumtukana Mtukufu, hata kama aliyesema ni Mtukufu. Kama alitaka mchezo, basi kila siku inayopita bila majani kuota ni uasi. Akamwita yule dereva, Machano, amsaidie kukumbuka. Machano alisema, huku jasho likimtoka, kwamba injini ilikuwa inanguruma, ila yeye alidhani amesikia hofu. Waliokuwamo ofisini waliziba masikio. Mtukufu aseme hofu? Hofu ya nani? Machano alipewa likizo papo hapo, na mkewe akashauriwa asimwekee chakula.

Njia salama ilikuwa kuwatwika wananchi mzigo. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Mawazo Huru Kuhusu Eneo la Plaza. Redio ikatangaza kwamba kila raia yuko huru kutoa wazo lake juu ya matumizi mapya ya eneo lile, na kwamba asiyetoa atafuatwa nyumbani. Tukajaa kwenye ukumbi wa shule yetu mpaka madirishani. Mheshimiwa Mponda akafungua kikao.

"Ndugu wananchi," alisema, "wazo ni mali ya mwenye wazo mpaka pale litakapoonekana ni baya. Toeni mawazo bila woga. Askari mnaowaona mlangoni wapo kwa ajili ya kuzuia upepo."

Tulicheka kwa pamoja, tukanyamaza kwa pamoja. Mama alinibinya goti nisiwe wa mwisho kunyamaza.

Wa kwanza kusimama alikuwa nesi mstaafu, akasema pajengwe hospitali. Mjumbe mmoja akamuuliza kwa upole kama anadai kuna wagonjwa katika nchi hii, naye akakaa haraka akidai alikuwa anatania. Kijana wa bodaboda akataka soko, akaulizwa nani kamwambia watu wana njaa. Shule ikaonekana ni kuwaita wananchi wajinga, na maktaba ikaonekana ni mbaya zaidi kuliko shule. Bwana mmoja mwenye duka la vipuri akapendekeza bustani ya watu kupumzikia. Akaulizwa wamechoshwa na nani. Yule bwana, mtu mzima na ndevu zake, akaanza kulia palepale mbele ya watoto wake. Wazo pekee lililopita bila swali lilikuwa la makaburi. Wajumbe waliangalia chini, na hakuna aliyetaka kujua yatakuwa ya kina nani.

Baada ya hapo kila aliyesimama alisema hana wazo jingine zaidi ya lile la Mtukufu. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti. Kamati ikaondoka na wazo moja la taifa zima, na haikujua ni lipi.

Ndipo mtu mmoja huko wizarani akakumbuka kwamba maneno yana walimu wake.

Watu wawili wa wizara walinikuta darasani nikifundisha nyakati. Walibisha hodi, wakasubiri niwakaribishe, na adabu hiyo ndiyo iliyonitoa pumzi. Darasa zima liliinamia madaftari kana kwamba halikuwahi kuniona. Wakaniruhusu kupitia nyumbani nibadilishe shati, kwani lile nililovaa lilikuwa limelowa mgongo wote. Mama alikuwa barazani anakanda unga. Nikamweleza kwa kifupi, nikijitahidi meno yasigongane. Hakuacha kukanda.

"Neno unalijua," aliniambia. "Waambie, halafu urudi ule."

Nikataka kumwambia kwamba yeye hajui mambo ya wakubwa, lakini gari lilikuwa limeshawashwa.

Chumba cha Kamati kilikuwa na zulia nene, hujisikii ukitembea. Juu ukutani ilikuwapo picha ya Mtukufu, akitabasamu. Mheshimiwa Mponda akaniamkia kwa heshima, akanisifu kwa kuwalea watoto wa taifa, kisha akaniuliza gofu ni nini.

Sasa oneni mimi nilipokuwa. Nikisema ni jengo bovu, nimeitukana Plaza, nimemtukana shemeji, nimemtukana aliyekata utepe, na kama maelezo ya fundi baiskeli hayajaisha mpaka leo, ya mwalimu yangeisha lini. Nikisema ni mchezo, gofu inataka ardhi. Mjumbe mmoja aliyewahi kuiona kwenye televisheni alikuwa ameshawaeleza wenzake kwamba hula eneo la tarafa nzima. Mbele ya Plaza ni barabara kuu, kushoto ni kambi ya jeshi, kulia ni jumba la shemeji. Palipobaki ni Uwani. Palipobaki ni kwa mama.

Niliitazama picha, nayo ikanitazama. Halafu nikajisikia nasema, kwa sauti isiyokuwa yangu, kwamba kauli ya mtu mkubwa huwa haitoshi katika maana moja, na kwamba kitaalamu, kwa kuzingatia muktadha, neno la Mtukufu lilibeba maana zote mbili kwa wakati mmoja.

Niliona nimechomoka. Niliona nimewafunga kwa kamba ya lugha, wakae hapo wabishane mpaka wastaafu. Lakini Mheshimiwa Mponda alisimama, macho yamemjaa machozi ya mtu aliyeepushwa na kitanzi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "leo neno limezaa pacha. Na sisi kama serikali sikivu hatuwezi kumlea pacha mmoja tukamtupa mwenzake."

Wakaamua kutekeleza maana zote mbili. Plaza ingebaki kama ilivyo na kutangazwa Gofu la Taifa, marufuku kwa mtu yeyote kuitengeneza, kuipaka rangi wala kuitoa popo. Na nyuma yake ungewekwa Uwanja wa Taifa wa Gofu. Mimi nikateuliwa Mshauri Mkuu wa Neno, nikapewa beji, kiti na sare.

Matingatinga yaliingia Uwani wiki iliyofuata. Waliobomoa walikuwa na heshima, walibisha hodi kwanza kila mlango. Mama hakupiga kelele. Alitoa karai lake, mwiko, picha ya baba na godoro, akaviweka barabarani, akasimama kutazama ukuta wa chumba cha baba ukilala chini. Nilimwambia nitamtafutia chumba, mimi sasa ni mshauri. Akaniuliza kama nilikula. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula, ningeona haya kula.

Vyumba havikupatikana, maana Uwani yote ilikuwa inatafuta vyumba. Watu wakaingia Plaza. Mama na jirani zake wakakaa palipokuwa na maduka ya viatu, wakaning'iniza kanga na mashuka kuwa milango, mvua ikinyesha ndani kama nje. Hawakuruhusiwa kuziba paa hata kwa nailoni, kwani kanuni zilisema gofu halitengenezwi. Kanuni zilisema pia gofu halikaliwi. Mkaguzi alipopita akawakuta, hakuwafukuza. Alitoa taarifa kwamba ndani hamna mtu, na tangu siku hiyo wakawa hawamo. Aliyeumwa hakuweza kutibiwa hospitali, aliyezaliwa hakuwa na alipozaliwa. Jioni nilikuwa nikienda kumwona mama, na askari wa getini alikuwa akiniuliza naenda kumwona nani. Nilikuwa nikimjibu naenda kukagua neno.

Uwanja nao ukakamilika kwa namna yake. Mkandarasi aliambiwa gofu inachezwa kwa mashimo. Alikuwa mtu wa kuchimba vyoo maisha yake yote, akayachimba kwa kina anachokijua. Waziri msaidizi alitumbukia katika moja wakati wa ukaguzi, akawa anaripoti akiwa humo humo kwamba kazi inaendelea vizuri. Ikabidi kila shimo lisimamishiwe askari.

Siku ya uzinduzi Mtukufu alikuja mapema kabla jua halijawa kali. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Alikuwa mzee mwembamba, koti limemzidi mabega, na alikuwa akitembea akiangalia pembeni kama mtu aliyeingia nyumba ya ugenini. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Mponda akasoma hotuba ndefu juu ya kauli moja iliyozaa maendeleo mawili. Kisha Mtukufu akapewa fimbo. Aliigeuza-geuza, ikaonekana wazi hajawahi kuishika, na sote tukaangalia mawinguni ili tusiwe tumeona. Akapiga. Kampira kakaruka kuelekea nyuma, juu ya vichwa vya bendi, kakaingia Plaza kupitia dirisha lisilo na kioo.

Tukashangilia. Mheshimiwa Mponda alieleza kwamba huko ndiko kunakotakiwa.

Tulikuwa bado tunashangilia alipotoka mama. Alitoka kwenye mlango mkuu wa Plaza, kanga yake ina madoa ya mafuta mabichi, mwiko mkononi, na juu ya mwiko kampira kamekuwa rangi ya andazi. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Mtukufu. Macho yake hayaoni mbali, na miwani yake ilikuwa imebaki chini ya kifusi.

"Baba, mpira wako huu," alisema. "Umeangukia karaini, mafuta yameniunguza. Mcheze, lakini muwe mnaangalia."

Makofi yalikatika. Mtukufu akauliza huyu ni nani.

"Hakuna mtu, Mtukufu," alisema Mheshimiwa Mponda, midomo imekuwa myeupe. "Mle ndani hamna mtu. Taarifa ipo."

Askari wawili wa shimo la karibu waliacha shimo lao wakaanza kumsogelea mama. Walikuwa hawana haraka. Walikuwa wanakwenda kuifanya taarifa iwe ya kweli. Mama alikuwa amewageuzia mgongo, bado kaunyoosha mwiko, anasubiri mwenye mpira achukue mpira wake.

Nataka niseme kwamba nilikuwa jasiri, lakini mkojo ulikuwa umeshanitoka. Niliuhisi unateremka ndani ya suruali ya serikali. Miguu ilisogea yenyewe, nikajikuta nimesimama kati ya mama na wale askari, na beji yangu ya ushauri inacheza kifuani.

"Ni mama yangu," nilisema.

Askari wakamtazama waziri, waziri akamtazama Mtukufu. Mtukufu alinitazama mimi, kisha mama. Akamuuliza anakaa wapi. Mama akasema sasa anakaa mle, akaelekeza Plaza. Akamuuliza zamani alikuwa anakaa wapi.

"Hapo uliposimama," mama alisema. "Hapo palikuwa chumbani."

Mtukufu aliangalia chini. Aliinua mguu mmoja, akautafutia pengine pa kuuweka, asipaone, akaurudisha. Niliona mshipa wa shingo yake unapiga, na nikajua, Mungu anisamehe, kwamba na yeye anaogopa. Alituogopa sisi, watu ambao kwa miaka yote ile tulimwitikia naam.

"Mimi sichezi mchezo huu," alisema polepole. "Nani aliwaambia nautaka?"

Vichwa vyote viligeuka, cha Mheshimiwa Mponda, vya wajumbe, cha mkandarasi, hata cha mpiga tarumbeta, vikanielekea mimi.

Mtukufu akaja karibu. Alinukia dawa ya kikohozi. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, siku ile barabarani yeye alisema nini.

Maana mbili zilikuja zote mdomoni. Zilikuja na muktadha wake na utaalamu wake, na ningeweza kuziweka vizuri, maana ndiyo kazi iliyonipa kiti. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyohema.

"Ulisema gofu, Mtukufu," nilisema. "Ulimaanisha jengo lako limeoza. Sote tulikuelewa siku ile ile."

Bendi, askari, mawaziri, kila mtu akawa anatazama majani. Mtukufu alisimama tu, fimbo mkononi, juu ya chumba cha baba, na sisi tukasubiri neno litakalomtoka.

Mama akautua mwiko chini. Akaja pembeni yangu, akanishika mkono, akaniambia taratibu nisitetemeke, watu wanatuona. Na mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.